Mpiga Pasi Aliyerudisha Mikunjo

Kwa miaka thelathini na minne mama mdogo wangu alilipwa mshahara kwa kuwapunguzia watu umri, na hakuona haya hata kidogo. Alikuwa mrekebishaji wa picha katika studio moja ya kona, iliyobanwa kati ya duka la dawa na banda la fundi viatu. Mteja alipigwa picha kule mbele, penye pazia la kijani na kiti cha kuzunguka, kisha picha yake ikapelekwa chumba cha nyuma alikokaa mama mdogo. Huko makunyanzi ya paji la uso yaliondoka. Mifuko ya chini ya macho iliondoka. Shingo iliyolegea ilikazwa. Mtu aliingia studio ana miaka hamsini na tano, akaja kuchukua picha yake siku ya tatu akiwa na arobaini. Watu wakamwita Mpiga Pasi, na jina likamganda kiasi kwamba majirani wengine hawakujua kama ana jina jingine.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nikiwa mdogo, shule zikifungwa na mama akiwa kazini, nilishinda kwenye kile chumba cha nyuma. Kulikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, na juu ya kioo ziliwekwa negativu, zile filamu ambamo mtu mweupe huonekana mweusi na mweusi akaonekana mweupe. Mama mdogo alichonga penseli mpaka ncha yake ikawa kama ya sindano, akainama, akabana pumzi, akagusa. "Ukipumua tu," aliniambia, "umemharibia mtu harusi."

Kompyuta zilipoingia alikuwa na miaka arobaini na saba. Mwenye studio alileta mashine mpya, akaifungua kwenye boksi, kisha akakaa pembeni akikuna kidevu.

"Dada," akasema, "mambo haya sasa yanataka vijana."

"Vijana wana nini?"

"Wana haraka."

"Mimi sina haraka. Nitayajua polepole na sitayasahau."

Alinunua daftari la hesabu, lile la vijisanduku, akaandika kila hatua kwa penseli: bonyeza hapa, vuta pale, ukikosea rudi hivi. Aliandika hata jinsi ya kuzima. Mwaka ulipokwisha, mwenye studio mwenyewe ndiye aliyekuwa anakuja nyuma kuuliza. Nasema haya ili mtu aelewe kwamba hakuwa mtu wa kubahatisha. Hakuolewa, hakuzaa, na ukimuuliza kwa nini alijibu kwamba alikuwa na shughuli.

Studio ilifungwa akiwa na miaka sitini na sita. Mwenye studio alimwachia kompyuta, skana moja pana, ile mashine ya kuingizia picha kwenye kompyuta, yenye kifuniko kilichokatika bawaba, na ile meza ya kioo. Alivipanga vyote chumba cha mbele cha nyumba yake, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu, na ili vienee ilibidi kochi litolewe.

"Sasa mgeni atakaa wapi?" mama alimuuliza.

"Mgeni anayetaka kukaa, aje na kiti."

Mama yangu alikuwa amemzidi miaka mitano. Yeye alistaafu zamani kidogo. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali miaka thelathini na mmoja, na ungemjua kwa mikono: vifundo vimevimba, ngozi imekuwa nyembamba na ya kung'aa kwa sababu ya sabuni kali na maji ya moto, na kwenye mkono wa kulia kulikuwa na kovu refu kama kidole, alipounguzwa na pasi ya mvuke. Ndugu hao wawili walikunywa chai pamoja kila siku saa kumi jioni, leo kwetu, kesho kwake, na hawakukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa sukari.

Siku moja mama akasema anataka picha ya kutundika sebuleni. "Nipige na mimi nikiwa nimekaa," alisema, "kabla sijapigwa nimelala." Mama mdogo alimkalisha karibu na dirisha, akampiga picha nyingi, kisha akajifungia kwake siku tatu. Siku ya nne alivuka barabara na fremu iliyofunikwa kitambaa, anatembea kama mtu aliyebeba keki.

Mama alivua kitambaa, akavaa miwani, akaangalia.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, dada."

"Mimi?" Aliielekeza kwenye mwanga. "Huyu hajawahi kufua hata leso. Huyu hajafiwa na mume. Angalia mashavu haya, kama ya mtu aliyefugwa kwenye pamba."

"Lakini nimekutoa vizuri."

"Umenitoa kabisa. Sijabaki hata kidogo."

Mama mdogo alikuwa na maringo ya kazi yake. Alisema watu walipanga foleni kwa ajili ya mkono wake. Mama akajibu kwamba yeye si foleni, yeye ni dada yake, tumbo moja, na kama dada yake haoni cha kuangalia usoni pake mpaka akifute, basi heri picha isitundikwe. Mama mdogo alikunja kitambaa chake, akachukua fremu yake, akaondoka. Chai ya siku hiyo tuliimwaga.

Wiki nzima hakuvuka barabara. Mtaa mzima ulijua. Muuza mboga aliniuliza kama kuna mgonjwa.

Alichokifanya wiki ile alinisimulia baadaye. Aliweka picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, ile ya mwanzo ambayo haijaguswa na ile aliyoimaliza, akaanza kuhesabu kila alichokiondoa: mkunjo, doa, kovu, mshipa, nywele nyeupe ya kwenye nyusi. Alifika mia moja na kumi na saba. "Nikakaa," aliniambia. "Nikajiuliza, vitu vyote hivi nimevipeleka wapi? Na vya wale wengine wote, miaka thelathini na minne?"

Asubuhi ya siku ya saba alikuwa anafagia uwanja wake. Uwanja huo una mpera mmoja, mti unaobanduka magamba kila mwaka na kuacha mabaka laini chini yake, na mti wa kivuli ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka. Ufagio ulisukuma jani moja lililoliwa na wadudu. Nyama yote ilikuwa imekwisha, umebaki wavu: mshipa mkubwa katikati, midogo ikigawanyika pande zote, na mingine midogo zaidi mpaka jicho linachoka. Kwa mazoea ya mtu aliyezoea kukuza vitu, alilipeleka ndani, akalilaza juu ya skana, akalikuza. Na pale kwenye kioo akaona kitu alichokifuta wiki iliyopita kwenye mgongo wa mkono wa dada yake. Uleule wavu.

Saa kumi ile alivuka barabara. Hakuja na maneno ya msamaha, kwa sababu kwao hawakuzaliwa na maneno hayo. Alikuja na skana kwapani, waya ukiburuta nyuma, akanituma nivuke nikalete kompyuta.

"Lete mikono," alimwambia mama.

"Kuna nini?"

"Weka hapa juu ya kioo."

Mama aliitazama ile mashine. "Inauma?"

"Haiumi."

"Mbona kama nakaguliwa mpakani?"

Lakini aliweka. Mama mdogo akafunika mikono kwa taulo jeusi, akabonyeza, na mwanga ukaanza kutambaa chini ya viganja. Mama alikuwa ameanza kutetemeka kidogo mkono wa kulia, jambo ambalo hatukulizungumza nyumbani. Kwa hiyo picha ilipotoka, mkono wa kushoto ulikuwa safi, kila mstari mahali pake, lakini wa kulia ulikuwa umejipinda mawimbi, vidole vimevutika kama vinaonekana kupitia maji yanayotembea.

"Umetingishika," mama mdogo alisema. "Turudie."

Walirudia mara nne. Mara zote nne mawimbi. Mama akasema taratibu, akiangalia pembeni, "Siwezi kuutuliza. Ndivyo ulivyo sasa."

Mama mdogo alikunja lile taulo. Halafu akasema, "Basi haya mawimbi ndiyo yenyewe. Sifuti." Nikawamiminia chai.

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile picha aliyoiita picha ya viraka. Wasomi huiita kolaji. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa maktaba, akasema neno hilo linasikika kama ugonjwa wa goti. Alitaka uso na mikono ya mama vijengwe kwa vitu vilivyozeeka vyenyewe. Alikusanya majani katika kila hatua, la kijani, la manjano, jekundu, la kahawia, mpaka lile la wavu. Alikusanya magamba ya mpera, maganda ya kitunguu, vipande vya karatasi vilivyolowekwa chai, kutu aliyoigandamiza kwenye karatasi kutoka bati kuukuu. Mama alimpa bunda la matambara, mashuka ya hospitali yaliyochakaa ambayo aliyashona viraka kwa mkono wake enzi zile kabla hayajatupwa. Mama mdogo aliyapenda kuliko vyote. Aliniita nione uzi: "Angalia mama yako alivyopita hapa. Hii ni kazi ya mtu aliyechoka, lakini hajaruka hata tundu moja."

Kila kitu kililala kwenye skana, kikaingia kwenye kompyuta, kikawekwa kama tabaka juu ya tabaka jingine, ile mikono chini, jani juu yake likiwa limefifishwa, gamba juu ya jani. Kisha alichapa sehemu kwenye karatasi kubwa, akaichukua karatasi ile akaibandikia vitu vya kweli, akaishona kwa sindano, akaikwaruza kwa kisu, akairudisha tena kwenye skana. Ilikwenda na kurudi, mkono na mashine, mashine na mkono, mpaka usingeweza kusema mkunjo huu ni ngozi au ni gamba. Ile picha laini ya kwenye fremu nayo aliichanachana vipande vyembamba, akavitia chini kabisa, mahali pa mifupa. Daftari la vijisanduku lilirudi kazini, kila tabaka na namba yake.

Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi. Na hapa lazima nikiri kosa langu. Kadiri miezi ilivyokwenda niliona uso wa mama unazidi kuwa wa buluu. Mwanzo ilikuwa kidogo tu, kama kivuli cha asubuhi. Mwezi wa sita alionekana kama mtu aliyelala nje kwenye baridi. Mwezi wa nane, hata lile shuka la hospitali, lililopaswa kuwa jeupe, lilikuwa na rangi ya mtungi wa gesi wa buluu. Lakini nimesoma vitabu vingi vya michoro pale maktaba, nikajiambia wasanii wana mambo yao. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Kilichotugutusha ni chai. Siku moja mama mdogo aliinua birika akamimina pembeni ya kikombe, moja kwa moja mezani, akaendelea kumimina. Mama alimshika mkono. Wiki hiyohiyo nilimkuta akihangaika kutia uzi kwenye sindano, yeye aliyekuwa anagusa negativu kwa ncha ya penseli. Alisema uzi wa siku hizi ni mbovu. Alisema kioo cha kompyuta kimezeeka, taa za barabarani zimeota nywele. Nilimpeleka kliniki ya macho.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, anaongea polepole. Alimmulika, akamwambia asome herufi, akammulika tena. "Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

Mama mdogo alikaa akilifikiria hilo. "Yaani ujana wangu wote sikuzaa," akasema, "leo na miaka sitini na saba naletewa mapacha?"

Daktari alicheka mpaka akaweka tochi chini. Kisha akamweleza kwamba lenzi ya ndani ya jicho imezeeka, imekuwa na ukungu na umanjano, na kwamba ataitoa na kuweka nyingine, jicho moja kwanza, la pili baada ya mwezi. Mama mdogo aliuliza swali moja tu: "Naomba nione mikono yako." Daktari aliinyoosha juu ya meza. Mama mdogo aliisogelea, akaikodolea, akaigeuza viganja juu na chini kama anayechagua nyanya. Haikutingishika.

"Haya," akasema. "Nimekubali."

Usiku wa kuamkia upasuaji alilala kwetu, na mama aliniambia kwamba hakufumba jicho mpaka kunakucha. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa imekaa mle ndani ya yale macho mawili.

Bandeji ilifunguliwa kesho yake baada ya upasuaji. Alifungua jicho, akalifumba, akalifungua tena. Kitu cha kwanza alichokisema ni, "Jamani, kumbe koti la daktari ni jeupe hivi?" Alishika ukingo wa koti akaukagua. Akaangalia ukuta, dirisha, anga. Aliangalia gauni langu akaniuliza tangu lini navaa zambarau. Lile gauni alilizoea kwa miaka miwili kama la kahawia. Tulikuwa tunatoka kwenye korido tulipopita karibu na sinki lenye kioo, naye akasimama.

Alijitazama muda mrefu. Aligusa paji la uso, akagusa pembe za mdomo, akavuta ngozi ya shingo akaiachia.

"Sikuambiwa," alisema.

"Hukuambiwa nini, mama mdogo?"

"Kwamba na mimi nimo." Akaangalia tena. "Asubuhi zote nikijiangalia, kumbe nilikuwa najipiga pasi bila kujua."

Nilidhani atalia. Hakulia, alikuwa anaangalia kwa makini, kichwa upande, kama alivyokuwa anaangalia wateja.

Tulipofika nyumbani, daktari akiwa amekataza kuinama lakini hakukataza kuketi, aliwasha kompyuta. Alifungua faili. Mimi na mama tulikuwa tumesimama nyuma yake. Halafu akageuza kiti.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Dada yangu anaonekana ametolewa kwenye jokofu! Wewe una macho mawili mazima, ulikuwa unayafanyia kazi gani?"

"Nilidhani ni makusudi. Nilidhani ni sanaa."

"Na wewe, dada? Wewe ambaye hukubali hata chumvi ya mtu?"

"Mimi nilidhani ndivyo kompyuta zinavyotoa watu," mama alisema. "Nikaona bora buluu kuliko kufutwa."

Ilikuwa hivi. Jicho lake lilikuwa linampakia kila kitu umanjano. Alipolileta lile shuka jeupe kwenye kioo cha kompyuta aliliona kama limelowekwa chai, akaongeza buluu mpaka likawa jeupe machoni pake. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa uhakika, kila rangi nyingine aliipima kwa lile shuka. Hakukosea hesabu. Kipimo ndicho kilichokuwa kimeharibika. Miezi minane ya kazi, matabaka mia moja na arobaini na tatu, yote yalikuwa yamepotoka kwa usahihi mkubwa.

Alizima kompyuta, akashinda siku nzima ameketi mlangoni akiangalia uwanja wake. Mama alimpelekea chakula akakirudisha. Mimi nilikuwa tayari nimeandaa maneno ya kumfariji, kwamba inatosha, kwamba amejitahidi. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Jioni alivuka barabara akaomba chai, akasema, "Nikishapata jicho la pili naanza upya."

Na akaanza. Matabaka yaliyokuwa kwenye kompyuta aliyanyoosha moja moja kwa kufuata daftari, wiki tano mfululizo. Lakini zile sehemu alizozichapa, akazishona na kuzirudisha kwenye skana, buluu ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyuzi. Hizo zilipaswa kutengenezwa tena tangu mwanzo. Na majani ya mwanzo yalikuwa yamesagika, yamekuwa unga ndani ya bahasha. Akalazimika kusubiri mti ugeuze rangi tena. Nilimwambia aende bustani nyingine atafute majani yanayofanana. Aliniangalia kama anayemwangalia mtu asiyekwenda shule. "Yale yameanguka na mama yako akiwa hapa anakunywa chai. Nitasubiri ya hapahapa." Alisubiri miezi minne. Kila asubuhi alitoka na ufagio, akainama, daktari akiwa sasa amemruhusu, akachagua. Sijawahi kuona mtu akisubiri kwa bidii namna ile.

Katika kusubiri ndipo alipoamua kujiingiza na yeye mwenyewe. Siku hiyo nilikuwepo. Aliweka skana juu ya stuli, kando ya meza ya kioo, akapiga magoti, akalaza shavu lake la kulia kwenye kioo cha skana, macho ameyafumba na kuyafunika pamba kwa ajili ya mwanga. Alijitupia lile taulo jeusi kichwani.

"Nani atabonyeza?" sauti ikatoka chini ya taulo.

Mama alinisogeza kwa kiwiko. Alikuwa hajawahi kugusa mashine ile zaidi ya kuiwekea mikono. Akatafuta kitufe, akaegemeza mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili utulie.

"Sasa wewe usitingishike," alimwamuru mdogo wake, kwa sauti ya msimamizi wa chumba cha kufulia.

"Nimetulia."

"Usiongee. Ukiongea shavu linatembea."

Mwanga ukapita. Ikatoka safi mara ya kwanza, na mama alijigamba kwa hilo mwezi mzima.

Picha ilikamilika karibu miaka miwili tangu ile siku ya jani. Maktaba yetu ina ukuta mpana penye ngazi ambao kwa miaka ulikuwa na ramani iliyopauka. Nilimwomba mkuu wangu, akaja kuiona nyumbani kwa mama mdogo, akasimama mbele yake, kisha akauliza vipimo vya ukuta. Ilichapwa katika karatasi nne kubwa zilizounganishwa, na mama mdogo akaongeza kwa mkono, juu ya karatasi, uzi wa kweli na magamba ya kweli.

Nisipokuwa mwangalifu nitaisifu kupita kiasi, kwa hiyo nitasema tu kilichopo. Yupo mwanamke mzee amekaa, uso wake ni mpera na majani na shuka, na bado ni mama yangu, huwezi kumkosea hata ukiwa upande wa pili wa barabara. Nyuma ya bega lake kuna shavu na nusu ya mdomo wa mwanamke mwingine, mdogo kidogo, kama aliyesogea kumnong'oneza. Mikono iko mbele. Wa kushoto umetulia. Wa kulia unatiririka. Na chini ya mikono, kwenye kivuli cha mapajani, ameacha kipande cha buluu ile ya mwanzo, upana wa viganja viwili. Nilimuuliza kama amekisahau.

"Sijasahau. Mwaka ule ndivyo nilivyomwona. Siwezi kusema sikumwona."

Mama aliletwa siku ya kwanza akiwa amevaa vizuri. Alipanda ngazi polepole, akasimama, akaanza kupitisha kidole hewani mbele ya picha bila kuigusa. Hapa pasi ya mvuke. Hapa mwaka alioondoka baba yenu. Hii ya kwenye nyusi ni ya kusoma lebo za mashuka kwenye mwanga mbovu. Watu wawili waliokuwa wanashuka ngazi walisimama kusikiliza, kisha watatu, na mama akaendelea, anasimulia uso wake kwa watu asiowajua. Alipomaliza alimgeukia mdogo wake.

"Sikio umelifanya kubwa."

"Sikio ni lako."

"Langu si kubwa hivi."

"Dada, nimelipima."

Walilibishania lile sikio mpaka chini ya ngazi.

Tangu hapo mambo yamejiendea yenyewe. Wazee wanaokuja kusoma magazeti wamehamishia viti vyao karibu na ngazi. Nimeona mzee mmoja akiangalia mgongo wa mkono wake, kisha ukuta, kisha mkono. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu wa sauti nzito, na bahasha. Ndani mlikuwa na picha yake aliyopigwa kwenye ile studio ya kona miaka ishirini iliyopita, laini kama yai.

"Wewe ndiye uliyenifanya hivi," alimwambia mama mdogo. "Nataka vitu vyangu."

"Nilivyovifuta sikuviweka akiba, mwalimu," mama mdogo alijibu. "Lakini naona umepata vingine vizuri zaidi. Una nafasi Alhamisi?"

Alhamisi mwalimu alifika mapema, amejipaka poda nzito mpaka kwenye shingo. Mama mdogo alimwonyesha sinki ilipo, akampa sabuni na taulo safi, akaenda kuvuta pazia ili mwanga uingie.